Sola Juu ya Kinu: Mafunzo Niliyopata Kakamega

1. Usingoje kukabidhiwa pesa. Paneli zilipopanda juu ya bati la kinu changu cha kusaga mahindi, jirani aliniuliza serikali imenipa ngapi. Hata ndururu. Mradi mkubwa wa sola wa KOSAP ulilenga kaunti 14, Turkana na Pokot Magharibi zikiwemo, Kakamega haimo. Nafuu iliyotufikia sisi ni ya ushuru, nayo haina mizizi: Sheria ya Fedha ya 2020 iliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola, ya 2021 ikaurudisha. Siku hizi bajeti ya Juni siisikilizi kwa ajili ya bei ya unga pekee.

2. Piga hesabu ya matumizi yako ya mchana kwanza. Sheria ya Nishati ya 2019 ilimruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kupeleka umeme wa ziada kwenye gridi, lakini kanuni zake zilitoka 2024. Ukipeleka yuniti 100 unaandikiwa 50 za kukatwa kwenye bili, hulipwi taslimu. Wapo wanaouita utaratibu huu wizi. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu nguzo, nyaya na transfoma si zangu, na usiku gridi hiyo hiyo ndiyo inayoniwashia taa. Ila nyumba ambayo watu wote hutoka asubuhi na kurudi jioni haitafaidi sana. Kinu, shule, saluni: hapo umeme huliwa papo hapo, kila yuniti ikiokoa bei yake kamili.

3. Jua letu ni la asubuhi. Akina mama hufika na gorogoro zao za mahindi mapema, na hilo ni jema, maana ikifika saa tisa alasiri ngurumo zimeanza upande wa msituni na stima inapotea. Hapo ndipo wengi hushangaa: mtambo wa gridi usio na betri nao huzimika, hata jua likiwaka. Umeundwa hivyo ili usimrushe fundi aliye juu ya nguzo.

4. Mkataba wa kuiuzia gridi hauzalishi umeme wenyewe. Kiwanda cha Mumias, hapa hapa kwenye kaunti yetu, kilianza 2009 kuiuzia gridi megawati 26 zitokanazo na makapi ya miwa. Soko lilikuwepo, mitambo ilikuwepo. Miwa ikapungua, madeni yakazidi, na 2019 kiwanda kikawekwa chini ya mrasimu.

5. Mwambie fundi aonyeshe leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, kabla hajagusa ngazi. Daraja la T1 ni la mifumo midogo ya nyumbani. Mfumo wa kuungana na gridi unahitaji T3. Akianza kukuambia kwamba leseni ameiacha nyumbani, tafuta mwingine.