Kanuni na Nyaraka Zimfikie Kila Mwalimu

Utangulizi

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi hujifunza saikolojia, mbinu za kufundishia na utengenezaji wa zana. Hana budi kukumbuka kwamba tangu siku yake ya kwanza kazini, hapa Tanzania, ataongozwa pia na Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978, kanuni zilizotungwa chini yake, na nyaraka za wizara. Katika somo hili tutatazama jinsi shule inavyoweza kuwafikishia walimu wote maagizo hayo.

Kufika shuleni si kumfikia mwalimu

Waraka hupokewa, hupigwa muhuri, hutiwa katika jalada, na jalada hufungiwa katika kabati la mwalimu mkuu. Siku hizi huletwa pia kwa simu katika kundi la walimu, na kabla ya jioni huwa umekwisha kufunikwa na salamu na matangazo ya misiba. Kwa njia zote mbili shule inao waraka, lakini mwalimu wa zamu hana. Kwa hiyo twasema kwamba agizo limefika pale tu mwalimu anapoweza kulipata saa anayolihitaji, akalielewa, na akajua hatua ya kuchukua.

Tuchukue mifano miwili.

Kwanza, adhabu ya viboko. Kanuni za mwaka 2002 zinaagiza kwamba viboko visizidi vinne. Kwamba adhabu itolewe na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Na kwamba kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Mwalimu mgeni ambaye hajaonyeshwa kanuni hizi huiga ayaonayo kwa wenzake. Atakayeumia kwanza ni mtoto. Kisha mwalimu mwenyewe atajibu mashtaka.

Pili, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo warudi shuleni, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito. Mzazi aletapo binti yake asubuhi, huenda asimkute mwalimu mkuu, bali mwalimu wa zamu. Huyu akijibu kwa mazoea ya zamani kuwa mtoto hapokelewi, binti atarudi nyumbani, na pengine hatakuja tena. Waraka unaompa nafasi yake umo kabatini, hatua chache tu kutoka pale aliposimama.

Mambo ya kufanya

(a) Nyaraka zipangwe kwa mambo, si kwa tarehe za kupokelewa tu. Mwalimu hatafuti "waraka wa Novemba"; anatafuta jibu la swali: nimwandikishe vipi mtoto aliyehama? Basi yawepo majalada ya uandikishaji, nidhamu, michango, likizo na mitihani, na orodha yake ibandikwe katika ofisi ya walimu.

(b) Kila agizo lifanyiwe muhtasari wa ukurasa mmoja: nani afanye nini, kwa utaratibu gani, na aandike wapi. Muhtasari utaje namba na mwaka wa waraka, kwa kuwa hauchukui nafasi ya waraka wenyewe.

(c) Maagizo yaliyofutwa yatengwe na kuandikwa "Limefutwa". Karatasi ya zamani iliyobaki ubaoni hupotosha kuliko ubao mtupu.

(d) Katika kikao cha walimu waraka usisomwe tu kwa sauti. Walimu wapewe kisa, walitafute jibu ndani ya waraka, kisha walijadili. Hii ndiyo njia ile ile tunayoitumia darasani: mwanafunzi hukumbuka zaidi alichokitafuta mwenyewe.

(e) Nakala ziwekwe mahali ambapo mwalimu hahitaji kuomba ufunguo. Kuuliza si ujinga, lakini mwalimu mgeni huona haya kuuliza kila siku, na ayajuaye majibu akihamishwa, huondoka nayo.

Zoezi

Uendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, omba ruhusa ya mwalimu mkuu, kisha utafute kanuni za adhabu na waraka wa mwaka 2021. Andika umetumia dakika ngapi na umepita kwa watu wangapi. Halafu tayarisha muhtasari wa ukurasa mmoja wa mojawapo, umpe mwalimu asiyeufahamu, na umwombe akueleze hatua zake. Akishindwa, usimlaumu, uandike upya.