Vya Kuhesabu na vya Kupima: Somo la Maneno ya Kiingereza



Walimu na waandishi wa sharika kadha wa kadha wameniuliza habari za maneno ya Kiingereza yanayowasumbua kila waandikapo barua, yaani "many" na "much", "few" na "little", "fewer" na "less". Wasema, "Yote ni maneno ya wingi na uchache, kuna haja gani ya kuyachagua?" Nawajibu kwamba haja ipo, nami nimeijua kwa hasara. Sikilizeni kwanza habari hii, ndipo tuingie katika somo.

Mwaka 2006 nalikuwa mwalimu wa dini katika mtaa mmoja wa milimani. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa zaidi ya 80, na mabenchi yalikuwa 4 tu. Watoto waliobaki waliketi sakafuni, na majira ya baridi sakafu ile ya udongo iliwaletea kikohozi. Rafiki zetu wa ng'ambo wakatuandikia kuuliza tumepungukiwa na nini. Wazee wakanipa mimi kalamu, kwa kuwa nalisoma Kiingereza kuliko wenzangu. Nikaandika hivi: "We have a few benches for the children." Moyoni nalikusudia kusema, "Mabenchi yetu ni machache, hayatoshi." Lakini neno lile dogo "a" liligeuza maana yote. Waliosoma barua yangu walielewa, "Tunayo mabenchi kadhaa ya watoto," yaani jambo hili limekwisha kutimizwa. Fedha zao wakazipeleka kwenye haja nyingine. Sina neno la kuwalaumu, maana walisoma yale niliyoyaandika. Watoto wetu wakaketi chini mwaka mzima kwa ajili ya herufi moja.

Basi, na tujifunze, ili mwingine asijikwae pale nilipojikwaa mimi.

1. Vidole na kibaba

Katika Kiingereza majina ya vitu yamegawanyika pande mbili. Upande wa kwanza ni vitu tunavyovihesabu kwa vidole: kiti kimoja, viti viwili, viti vitatu. Upande wa pili ni vitu tusivyoweza kuvihesabu, ila twavipima kama apimavyo mtu kwa kibaba: maji, unga, maziwa, mchanga. Hakuna asemaye, "Nipe unga mmoja." Hata mambo yasiyoonekana kwa macho, kama subira, furaha na nguvu, yamo katika upande huu wa pili.

Kwa vitu vya vidole, semeni "many", "few", "fewer" na "number". Kwa vitu vya kibaba, semeni "much", "little", "less" na "amount". Tazameni mifano hii:

"There are many children here." Maana yake: Hapa pana watoto wengi.
"There is not much water in the well." Maana yake: Kisimani hamna maji mengi.
"Fewer people came today." Maana yake: Leo walikuja watu wachache kuliko siku zilizopita.
"We used less flour today." Maana yake: Leo tulitumia unga kidogo kuliko siku zilizopita.
"The number of pupils" ni hesabu ya wanafunzi. "The amount of rain" ni kadiri ya mvua.

Kwa nini sisi twajikwaa hapa? Kwa sababu Kiswahili hutumia neno moja la wingi kwa pande zote mbili. Twasema watu wengi, na maji mengi pia. Neno ni lile lile, ila limevaa kiambishi kingine. Lakini upande wa uchache lugha yetu yaijua tofauti hii vema. Twasema watu wachache, ila maji kidogo. Vitabu vichache, ila chumvi kidogo. Basi mtu akiwa na shaka, na akijaribu kitu chake kwa Kiswahili. Kikipatana na "chache", mara nyingi Kiingereza chake ni "few". Kikipatana na "kidogo", mara nyingi ni "little". Nasema mara nyingi, wala si siku zote, kama tutakavyoona katika fungu la tatu.

Tena jueni kwamba "much" hupendeza hasa katika maulizo na makanusho. Katika maneno ya kawaida ya kukubali, Waingereza hupenda kusema "a lot of", nalo lafaa pande zote mbili: "a lot of people", "a lot of water". Mwenye shaka na akimbilie hapo.

2. Neno dogo "a"

Hili ndilo lililoniangusha mimi, basi litazameni sana. "Few" peke yake lasema kwamba vitu ni vichache, havitoshi. Ni neno la kulalamika. "A few" lasema kwamba vipo kadhaa. Ni neno la kuridhika. Ndivyo ilivyo kwa "little" na "a little" pia. Vitu vyenyewe vyaweza kuwa sawasawa kwa hesabu, lakini moyo wa msemaji ni mwingine.

"He has few friends." Rafiki zake ni wachache, twamhurumia.
"He has a few friends." Anao rafiki kadhaa, hayuko peke yake.
"There is little hope." Tumaini ni haba, karibu halipo.
"There is a little hope." Tumaini lipo, ingawa ni dogo.

Fikirini mganga wa hospitali amwandikiaye mtu aliye mbali habari za mama yake mgonjwa. Akiandika maneno yale ya kwanza juu ya tumaini, mwana atafunga safari usiku ule ule, akiogopa kwamba hatamkuta mama hai. Akiandika maneno ya pili, mwana atapata kupumua kidogo. Je, hili ni jambo dogo?

Kiswahili chetu huionyesha tofauti hiyo kwa maneno mengine. Twasema, "Wapo watu kadhaa," au, "Watu ni wachache tu." Neno "tu" lafanya kazi kubwa. Katika Kiingereza "only" ndilo lifanyalo kazi hiyo: "only a few" ni wachache tu, tena hawatoshi. Lakini angalieni, "quite a few" lageuka kabisa. Mwingereza asemapo "quite a few people", maana yake ni watu si haba, yaani ni wengi kiasi. Asiyejua hayo ataandaa chakula cha wageni watano, na wageni ishirini watabisha hodi.

3. Majina yanayotudanganya

Yako majina ambayo sisi twayahesabu, na Waingereza hawayahesabu. Hapa ndipo kipimo cha Kiswahili kisipotusaidia. Sisi twasema habari mbili, mashauri matatu, mizigo minne, nywele nyingi. Kwao "information", "news", "advice", "luggage", "furniture" na "hair", ikiwa ni nywele za kichwa chote, ni vitu vya kibaba. Kwa hiyo msiandike "informations", wala "advices", wala "furnitures". Msiseme "many luggages", bali semeni "much luggage" au "a lot of luggage". Neno "news" lina herufi ya wingi mwishoni, lakini ni la umoja: "The news is good."

Mkitaka kuvihesabu vitu hivyo, tafuteni chombo cha kuhesabia, kama sisi tusemavyo kikombe cha maji na punje ya mchele. Semeni "a piece of advice" kwa shauri moja, "two pieces of luggage" kwa mizigo miwili, "three loaves of bread" kwa mikate mitatu.

Shamba nalo lina mitego yake. Mahindi na mchele ni vya kibaba: "much maize", "much rice". Lakini maharagwe ni ya vidole: "many beans", ingawa sokoni yote hupimwa kwa kopo lile lile. Hapo hapana budi kukariri. Hata fedha ni hivyo: "money" haihesabiwi, lakini shilingi zahesabiwa. Twasema "much money", ila "many shillings".

4. Habari za "less" na hesabu

Mwalimu mmoja aliniuliza, "Ikiwa vitu vya vidole hutaka fewer, mbona nasoma less than ten kilometres? Je, kilomita hazihesabiwi?" Swali lake ni zuri. Katika umbali, muda na fedha, hatuziangalii kilomita moja moja wala shilingi moja moja. Twaangalia jumla yake kama kitu kimoja. Kwa hiyo husemwa "less than ten kilometres", "less than two hours", "less than 500 shillings".

Tena yafaa kujua kwamba sheria hii si ya tangu zamani sana. Mfalme Alfred wa Wessex, huko Uingereza, karibu na mwaka 888, alitumia "less", kwa umbo lake la kale, pamoja na kitu cha kuhesabiwa, na Waingereza wengi wakaendelea hivyo. Mwaka 1770 mtu aitwaye Robert Baker aliandika kitabu juu ya lugha yao, akasema kwamba yeye aona "fewer" lafaa zaidi kwa vitu vya hesabu. Hayo yalikuwa maoni yake tu. Waliokuja baadaye wakayafanya kuwa sheria. Hata leo Waingereza wenyewe hushindana juu yake. Maduka ya Tesco yalikuwa na vibao vya kuwaongoza wanunuzi wenye vitu vichache, vimeandikwa "10 items or less". Watu wakanung'unika kwamba ingepasa kuwa "fewer". Mwaka 2008 maduka hayo yakaamua kuandika "Up to 10 items", yaani mpaka vitu 10, na maneno ya mashindano yakaondolewa.

Twajifunza nini hapa? Katika mtihani na katika barua ya heshima, shikeni sheria, maana hivyo ndivyo wasomaji wanavyotazamia. Lakini mkimsikia mtu akisema "less people", msimcheke, kwa maana amesema kama mfalme.

5. "Very much" na "too much"

Neno moja la mwisho. Wengi wetu huandika "too much" wakikusudia "sana". Lakini "too" maana yake ni kupita kiasi, hata kuleta madhara. "Thank you very much" ni asante sana. "Too much salt" ni chumvi iliyoharibu mboga. Basi msimwandikie rafiki kwamba zawadi zake zilikuwa "too many", mkikusudia kumshukuru. Ataelewa kwamba amewalemea, na huenda asilete nyingine.

Mazoezi

Chagueni neno lipasalo, kila mtu aandike majibu yake kabla ya kutazama majibu yetu.

1. "Many" au "much": How ... chairs do you need?
2. "Many" au "much": There is too ... noise in this room.
3. "An" au "some": Please give me ... advice.
4. "Little" au "a little": I have ... time, come in and sit down.
5. "Few" au "a few": The road was very bad, so ... people came.
6. "Fewer" au "less": We had ... rain this year than last year.
7. "Fewer" au "less": There were ... mistakes in your second letter.
8. "Fewer" au "less": The village is ... than three kilometres from here.

Majibu: la kwanza "many", la pili "much", la tatu "some", la nne "a little", kwa kuwa mwenyeji anakaribisha, la tano "few", kwa kuwa njia iliwazuia watu, la sita "less", la saba "fewer", la nane "less", kwa kuwa ni umbali.

Nimalize habari ya mabenchi. Mwaka 2007 rafiki zetu waliandika tena, wakataka kujua hali ya watoto. Safari hii nalikwisha kuonywa na mwalimu mzee aliyeiona nakala ya barua yangu ya kwanza. Hakunikemea, alitia kidole juu ya ile "a", akanyamaza. Nikaandika: "We have only 4 benches for more than 80 children. Most of them sit on the floor." Fedha zikaja, na fundi seremala wa mtaani akatutengenezea mabenchi 10. Kila benchi liliketi watoto sita.

Tangu siku ile nashika kanuni mbili, nami nawapa ninyi. Ya kwanza: mkiweza kuandika hesabu yenyewe, iandikeni, maana 4 haina "a" wala haidanganyi. Ya pili: barua ikiisha, msiifunge upesi, isomeni mara ya pili kama mtu asiyewajua ninyi wala nyumba yenu, mkiuliza katika kila mstari, "Je, huyu ataelewa nini?" Watoto walioketi sakafuni hawakujua sarufi, lakini wao ndio waliolipa gharama ya kosa langu.

Kwaherini, na someni kwa bidii.