Shukrani ya mteja si tangazo lako mpaka akuruhusu

Ukitafuta kiwanja cha Dodoma mtandaoni, kuna picha moja utakutana nayo kwenye tovuti za makampuni mengi ya viwanja. Mteja amesimama ofisini, ameshika hati miliki aliyokabidhiwa muda huo huo, anatabasamu. Chini yake yapo maneno ya kuwashukuru wauzaji kwa uaminifu wao. Sasa ikuze picha hiyo kwa vidole viwili. Jina kamili la mteja linasomeka. Namba ya hati inasomeka. Kitalu na namba ya kiwanja vinasomeka, na eneo pia, liwe Nzuguni, Mkonze au Ihumwa.

Mteja huyo alifurahi kweli, na huenda kila neno lililoandikwa pale ni lake. Lakini mara nyingi anachoambiwa ni "simama hapo tupige picha ya kumbukumbu." Haambiwi kwamba kumbukumbu hiyo itakaa kwenye tovuti ya kampuni miaka na miaka, isomwe na kila mtu, akiwemo tapeli anayetafuta viwanja ambavyo wenyewe wako mbali.

Na wenye viwanja wengi wako mbali. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji Aprili 26, 2018, watu wa Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na hata walioko ughaibuni wamekuwa wakinunua ardhi ya hapa bila kuikanyaga. Mtu wa namna hiyo hana shemeji wa kumuuliza wala mjumbe wa mtaa wa kumtolea ushahidi. Kinachompa moyo wa kutuma pesa ni maneno ya waliotangulia kununua. Ndiyo maana ushuhuda wa wateja una nguvu kubwa katika biashara ya mji huu, na ndiyo maana nataka tuuzungumzie kisheria: nini haki ya anayetoa ushuhuda, nini haki ya anayeusoma, na mwenye biashara afanye nini ili asiingie matatani.

Tuanze na mteja. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya kila mtu. Kwa miaka mingi ibara hiyo ilikosa sheria mahususi ya kuifikisha dukani na ofisini, mpaka Bunge lilipotunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Sura ya 44, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Sheria inakuita wewe mteja "mhusika wa taarifa". Mfanyabiashara anayechukua jina lako, namba yako ya simu au picha yako ni "mkusanyaji", na kijana anayemtengenezea tovuti na kuitunza ni "mchakataji". Wote wawili wana wajibu juu ya taarifa zako, na sheria inawataka wajisajili kwenye Tume.

Msingi mmoja wa sheria hiyo unabeba karibu suala lote hili: taarifa iliyochukuliwa kwa kazi moja haihamishiwi kazi nyingine bila ridhaa yako. Ulitoa jina na namba ili uletewe mzigo Area D au Kikuyu. Ulituma picha ya sebule yako ili fundi apime pazia. Uliandika "asante sana dada, keki ilikuwa tamu, mume wangu kafurahi" ukizungumza na mtu mmoja kwenye WhatsApp. Hakuna hata moja kati ya hayo uliyoyatoa kwa ajili ya matangazo. Anayetaka kuyatangaza lazima akurudie akuombe, akueleze atayaweka wapi na kwa nini.

Hapo ndipo wafanyabiashara wadogo wanapoteleza, tena bila nia mbaya. Mama anauza nguo kwa oda, mteja anamtumia ujumbe wa shukrani, naye anaupiga picha ya skrini na kuutupia kwenye tovuti yake na kwenye status. Akikumbuka sana anaficha namba ya simu, lakini picha ya wasifu ya mteja imebaki pale juu, na jina pia. Wengine wanaweka ujumbe wa malipo wa M-Pesa au Mixx by Yas kuonyesha kwamba watu wananunua kweli. Ujumbe ule una jina la aliyelipa, kiasi, tarehe na saa. Kwa sheria yetu miamala ya kifedha ya mtu iko katika kundi la taarifa binafsi nyeti, pamoja na taarifa za afya, imani ya dini, vinasaba na taarifa za watoto. Taarifa nyeti haitoshi kuombewa ruhusa ya mdomo. Sheria inataka ridhaa ya maandishi, itolewe kabla. Na mhusika anaweza kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote, bila kutoa sababu na bila kutozwa hata senti.

Kwenye afya ningependa kila msomaji awe mkali. Kliniki, maduka ya dawa za asili na wauza vipodozi hupenda ushuhuda kuliko biashara nyingine zote: tumbo lililopona, ngozi iliyotakata, ndoa iliyopata mtoto, picha ya kabla na baada. Mgonjwa aliyetoka kwenye maumivu hana moyo wa kumkatalia aliyemsaidia, na anapoombwa akiwa bado amekaa kwenye kiti cha matibabu, ndiyo yake haina uhuru mwingi. Kama umeombwa hapo, una haki ya kusema "niache niende nyumbani nifikirie." Huduma yako haitegemei jibu lako, na anayekuambia inategemea anakukosea. Shule nazo zijue kwamba mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, na anayestahili kuombwa ridhaa kwa ajili yake ni mzazi au mlezi. Barua ya mzazi kuisifu shule haibebi ndani yake ruhusa ya kuweka sura ya mwanafunzi kwenye ukurasa wa matangazo.

Anayedhani haya ni makali ya kwenye karatasi tu aangalie Kenya, ambako sheria inayofanana na yetu ilitungwa mwaka 2019, kwa hiyo wametutangulia katika utekelezaji. Desemba 2022 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya huko iliitoza kampuni ya simu ya Oppo shilingi milioni 5 za Kenya kwa kutumia picha ya mtu kwenye ukurasa wake wa Instagram bila ridhaa yake. Septemba 2023 ikaitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja aliyekuja kustarehe, na Roma School ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi zilizowekwa bila ridhaa ya wazazi. Uamuzi wa Nairobi hauwafungi majaji wetu wala Tume yetu. Lakini klabu ile ilikuwa imeweka picha ya mteja mmoja tu akiwa kwenye starehe, jambo ambalo baa na kumbi za hapa hulifanya kila wikiendi.

Kwetu Tume inaweza kumtoza aliyekiuka faini ya kiutawala isiyozidi shilingi milioni 100. Mbali na hiyo, kufichua taarifa ya mtu kinyume na lengo lililofanya ikusanywe ni kosa la jinai. Mtu binafsi anakabiliwa na faini kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni faini yake inaanzia shilingi milioni 1 na inaweza kufika bilioni 5. Na aliyepata hasara kwa ukiukwaji huo ana haki ya kudai fidia.

Sasa upande wa anayesoma. Ushuhuda wa kubuni, wenye jina lisilo na mwenyewe na picha iliyookotwa mtandaoni, unamwibia msomaji uamuzi wake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani ambayo wengi tunaiita FCC, inakataza mfanyabiashara kufanya jambo lolote la kupotosha au linaloelekea kupotosha. Sheria haikutaja neno "ushuhuda" na haikuhitaji kulitaja. Ukiandika kwamba watu wa Singida wanasifia mafuta yako ya alizeti ilhali maneno uliyatunga mwenyewe usiku, umepotosha. Ukimlipa mtu asifie bila kusema umemlipa, au ukamweka shemeji yako kama mteja wa kawaida, uko kwenye mstari huo huo. Na anayechapisha mtandaoni jambo analojua ni la uongo kwa nia ya kudanganya umma anaweza pia kukutana na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Marekani imeweka kanuni mahususi inayopiga marufuku maoni ya wateja ya kughushi, inayotumika tangu Oktoba 2024, na Uingereza ikafuata Aprili 2025. Sisi bado tunategemea maneno mapana ya sheria ya mwaka 2003. Kwa maoni yangu yanatosha kumbana mdanganyifu, ila mfanyabiashara mwaminifu angesaidika zaidi kama FCC ingetoa mwongozo unaotaja ushuhuda waziwazi.

Kwa mwenye biashara, njia salama haina gharama. Mteja akikushukuru, mjibu kwa maneno ya namna hii:

"Asante sana dada. Naomba ruhusa yako niweke ujumbe huu kwenye tovuti yangu ili wengine wausome. Nitaandika jina lako la kwanza na mtaa tu, bila picha wala namba. Ukisema hapana hakuna tatizo, na ukibadili mawazo baadaye niambie nitautoa."

Akijibu ndiyo, tunza jibu hilo pamoja na tarehe. Akikaa kimya, chukulia amekataa. Unaruhusiwa kusahihisha tahajia, lakini usiguse maana: aliyeandika "zabibu zilikuwa nzuri ila zilichelewa" usimkate ulimi pale kwenye "nzuri". Picha ya mtu ina ruhusa yake peke yake, na ikiwa ilipigwa na mpiga picha wa kulipwa, kumbuka kwamba naye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Kwa makampuni ya viwanja nasema wazi: hati isionekane. Mteja aliyekubali kupigwa picha aishike ikiwa imefungwa, au aonyeshe funguo, au asishike kitu.

Na kama wewe ndiye uliyewekwa bila kuulizwa? Kwanza kusanya ushahidi kabla hujagomba, maana ukigomba kwanza ukurasa utafutwa. Piga picha ya skrini inayoonyesha anwani ya ukurasa na tarehe, na mazungumzo yenu ya awali usiyafute kwenye simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hairuhusu ushahidi kukataliwa mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ingawa mahakama itapima kama unaaminika, na simu yenye ujumbe halisi inaaminika kuliko nakala ya kurushiwa.

Kisha andika kwa mwenye biashara: taja ukurasa, taja unachotaka kiondolewe, mpe siku. Wengi huondoa siku hiyo hiyo na kuomba radhi, na mnabaki kuwa muuzaji na mteja wake. Asipoondoa, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo makao yake makuu yapo hapa Dodoma. Malalamiko yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na huhitaji wakili kuyaandika. Tume ina mamlaka ya kuchunguza na kumwamuru mkusanyaji asahihishe au afute. Kama tatizo ni ushuhuda wa uongo uliokufanya ununue kitu kibovu, hilo lipeleke FCC, pamoja na risiti na ukurasa wenyewe.

Kuna jambo linalokwamisha watu hata pale pande zote mbili zinapokubaliana. Tovuti nyingi za biashara ndogo hutengenezwa na kijana mmoja, mara nyingi mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au aliyemaliza juzi, ambaye neno la siri analo yeye peke yake. Akipata kazi Dar na kubadili namba, mwenye biashara anabaki na tovuti asiyoweza kuigusa, na picha ya mteja inaendelea kuwepo huku mwenye duka akiapa kwamba hahusiki. Sheria haitamsikiliza, kwa sababu mkusanyaji ni yeye. Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi wa tovuti kiasi cha mwisho, mtake akukabidhi neno la siri kwa maandishi, na akuonyeshe kwa vitendo, ukiwa umekaa naye, jinsi ya kuutoa ushuhuda mmoja.