Mwanamke Aanzaye Ukulima na Mafundisho Yamfaayo

Katika somo la juma hili twataka kuzungumza na akina mama waanzao ukulima, na pamoja nao waume na wana wao, maana jambo hili lawahusu wote walao katika chungu kimoja.

Pengine msomaji atauliza: Je, mwanamke wa kwetu aweza kuitwa mwanafunzi wa ukulima, naye amelima tangu alipokuwa msichana? Swali hilo ni la haki. Mama wa Kakamega au wa Machakos hahitaji mtu wa kumwonyesha jembe lashikwaje. Lakini kulima shamba ni jambo moja, na kulitawala ni jingine. Siku mume aendapo mjini kutafuta kazi, au afapo, au siku mama mwenyewe arudipo kutoka mjini na akiba yake ndogo akakuta kipande cha ardhi kinamngoja, siku hiyo ndipo aanzapo. Sasa yeye ndiye atakayechagua mbegu. Yeye ndiye atakayeamua kama mbolea itanunuliwa kwa fedha taslimu au kwa mkopo, na kusema gunia hili liuzwe na hili liwekwe. Akikosea, hawezi kurekebisha mpaka mvua zirudi, na watoto hula kila siku.

Kwa muda mrefu mafundisho ya ukulima yalimpita mlangoni. Sisi tufanyao kazi ya kutafsiri twaona jambo la ajabu katika maneno yenyewe. Lugha yetu yasema "mkulima" bila kutenga mume na mke. Lakini aliyetumwa kumfundisha mkulima huyo aliitwa Bwana Shamba, naye mara nyingi alipofika aliuliza mwenye nyumba yuko wapi. Akiambiwa hayupo, alipanda baiskeli yake akaenda zake, na mama alikuwa palepale, mikono ina udongo.

Haya si masimulizi tu. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani, Kathleen Staudt, alichunguza mashamba ya Wilaya ya Kakamega. Aliona kwamba mashamba yaliyosimamiwa na wanawake peke yao, karibu nusu yake hayakuwa yamefikiwa na ofisa wa kilimo hata mara moja. Palipokuwa na mwanamume, yasiyofikiwa yalikuwa machache zaidi. Tena tofauti hiyo ilionekana hata kwa wanawake waliokuwa na mali kidogo na waliokubali mapema mbegu mpya. Basi haikuwezekana kusema kwamba waliachwa kwa sababu ya uvivu au ujinga.

Kulikuwa na vyuo vya mafunzo ya wakulima, ambako watu walilala na kufundishwa siku kadhaa. Lakini mama mwenye mtoto wa kunyonya na ng'ombe wa kukamua atalalaje huko? Na vyama vya akina mama, kama Maendeleo ya Wanawake kilichoanzishwa mwaka 1952, vilikazana katika miaka yao ya kwanza kufundisha ushonaji, upishi, usafi na malezi. Mafundisho hayo yalikuwa mema, lakini nguo iliyoshonwa vizuri haimwambii mtu kwa nini mahindi yake yamekuwa ya manjano.

Sasa tueleze aina moja ya mafundisho iliyofanya vizuri zaidi, nayo yaitwa shule ya wakulima shambani. Ndugu zetu wa Tanzania huiita shamba darasa. Ilianza katika nchi ya Indonesia mwaka 1989, ikisaidiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Huko wakulima wa mpunga walikuwa wamenyunyiza dawa nyingi hata wakaua buibui na wadudu wengine walao waharibifu, na waharibifu wakazidi kuongezeka. Ikaonekana kwamba amri ya "nyunyiza" au "usinyunyize" haitoshi. Yapasa mkulima mwenyewe ajue kutazama. Katika miaka ya 1990 shule hizo zikafika Kenya, na kuanzia mwaka 1999 zikaenezwa kwa mpango mmoja katika Kenya, Tanzania na Uganda. Busia, Bungoma na Kakamega zilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kwetu.

Shule hii haina nyumba. Watu 25 au 30 hukusanyika mara moja kwa juma, muda wa msimu mzima, tangu kupanda hata kuvuna, katika shamba dogo walilolikodi au waliloazimwa na mmoja wao. Hugawanyika katika makundi ya watu watano watano. Kila kundi huingia shambani asubuhi likachagua mimea michache, likahesabu majani, likapima urefu, likatazama chini ya jani na ndani ya shina. Kisha hukaa chini ya mti na kuchora waliyoyaona katika karatasi kubwa: mmea katikati, wadudu waharibifu upande mmoja, wadudu rafiki upande wa pili, jua au mawingu juu. Mmoja husimama akaeleza mchoro, na wengine humbishia. Mwisho huamua la kufanya juma hilo.

Mwalimu ana kazi ngumu kuliko inavyoonekana, maana hakuruhusiwa kujibu upesi. Mama akimletea mdudu na kumwuliza, "Huyu ni nani?" yampasa ajibu, "Umemkuta wapi? Alikuwa akila nini?" Mwanzoni watu hukasirika, wakidhani mwalimu hajui. Baadaye huanza kumtia mdudu katika chupa pamoja na jani, wakatazama siku mbili tatu kama atalila au ataliacha. Maarifa hayo hayatoki katika karatasi ya mtu mwingine, kwa hiyo si rahisi kuyasahau.

Hata mtihani wao wamfaa mama asiyejua kusoma vizuri. Shambani hufungwa kitu halisi, kama jani lenye ugonjwa, na karibu yake huwekwa visanduku vitatu, kila kimoja na jibu lake. Mwanafunzi huchagua jibu kwa kutumbukiza karatasi yake katika kisanduku, kama apigaye kura. Mtihani hufanywa mwanzo wa msimu na mwisho, na kila mtu huona alivyoendelea.

Tutoe mfano wa jambo linalofundishwa kwa njia hii. Katika nchi za kando ya Ziwa Victoria kuna gugu liitwalo striga, ambalo Wajaluo huliita kayongo. Lina maua mazuri ya zambarau, lakini hunyonya mizizi ya mahindi na mtama, na mbegu zake, ambazo ni ndogo kama vumbi, hukaa ardhini miaka mingi. Tena kuna funza wanaotoboa shina la mahindi. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa kituo cha icipe kilichoko Mbita, pamoja na wenzao wa Rothamsted huko Uingereza, walivumbua njia iitwayo sukuma-vuta. Kati ya safu za mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde utambaao. Na kulizunguka shamba hupandwa safu tatu za majani ya nepia. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wazaao funza. Harufu ya nepia huwavuta wakatage mayai huko, na funza wengi hufa kwa utomvu wake unaonata. Chini ya ardhi, mizizi ya desmodiamu hutoa kitu kinachoziamsha mbegu za striga, lakini huzizuia zisishike mizizi ya mahindi, nazo hufa. Desmodiamu hurutubisha udongo, na pamoja na nepia huwa chakula cha ng'ombe.

Twaona hapa jinsi mafundisho ya maneno matupu yanavyoweza kumdhuru aanzaye. Mbegu za desmodiamu ni ndogo sana, na katika msimu wa kwanza mmea huota polepole. Asiyeuona ukiota aweza kuung'oa wakati wa palizi akidhani ni gugu, kisha akasema njia hii ni uongo. Aliyeuangalia juma kwa juma pamoja na wenzake huujua tangu majani mawili ya kwanza, naye hupalilia kwa mkono mahali hapo bila kuharakisha. Ukisha kushika, hukaa miaka mingi bila kupandwa tena.

Sehemu ya pili ya mafundisho ni hesabu, nayo ndiyo wengi huikimbia. Na tuitazame kwa mfano wa kufundishia tu. Bei hizi si za soko fulani. Tuseme mama amepanda mahindi nusu eka. Ametumia shilingi 1,400 kwa mbegu, 3,000 kwa mbolea, 2,000 kwa kulimiwa na ng'ombe, na 1,600 kwa vibarua wa palizi. Jumla ni shilingi 8,000. Amevuna magunia matano. Mawili ameyauza kwa shilingi 3,000 kila moja, na matatu yameliwa nyumbani. Mkononi ana shilingi 6,000. Jirani humwambia, "Dada, umepoteza shilingi 2,000, acha ukulima." Naye mama husadiki na kuona haya.

Lakini yale magunia matatu, kama yangalinunuliwa kwa bei ile ile, yangaligharimu shilingi 9,000. Basi shamba limempa shilingi 15,000, na ziada ni 7,000. Tena tusiishie hapo. Ikiwa yeye mwenyewe amefanya kazi siku 35, kila siku imemlipa shilingi 200. Sasa ana swali la kweli la kujiuliza: je, kipande kile kingalilipa zaidi kwa maharagwe au kwa mboga? Na yale magunia mawili, je, ilikuwa lazima yauzwe siku za mavuno, wakati kila mtu auzapo na bei huwa chini? Kama angalikuwa na mifuko isiyopitisha hewa, ambayo dumuzi hawawezi kuishi ndani yake, angaliweza kungoja. Pasipo daftari maswali hayo hayaulizwi kamwe, na ushauri wa jirani ndio hushinda.

Baadhi ya shule zetu za kwanza zilijifundisha hesabu hizi kwa njia kali kidogo. Sehemu ya fedha za kuendesha shule ilitolewa kuwa zawadi, na sehemu ikawa mkopo, uliolipwa kwa mazao ya shamba la biashara ambalo kikundi kililima pamoja. Mtu huandika vizuri anapojua kwamba deni ni lake.

Je, matokeo ni nini? Mwaka 2012 ulitangazwa uchunguzi wa shule hizi katika Kenya, Tanzania na Uganda. Nchi tatu zikihesabiwa pamoja, mapato ya walioshiriki yaliongezeka kwa asilimia 61, ingawa katika Uganda peke yake faida haikuonekana wazi. Nyumba zilizoongozwa na wanawake, na watu waliosoma kidogo, walikuwa miongoni mwa waliofaidika zaidi. Yaani wale wale ambao mafundisho ya zamani yaliwapita ndio waliopata sana, njia ilipobadilishwa.

Hata hivyo tusiifanye njia hii kuwa dawa ya kila kitu. Yahitaji asubuhi moja kila juma, na mama mwenye wagonjwa nyumbani hukosa. Maarifa hayaendi kwa jirani kwa urahisi, kwa kuwa kumsimulia mtu si sawa na kumpeleka shambani akaone. Na vikundi vingine vina wanawake ishirini na wanaume watano, lakini ukiuliza mwenyekiti ni nani, na mweka hazina ni nani, utawakuta wote wawili katika wale watano.

Liko pia jambo la ardhi. Hati za mashamba zilipoanza kuandikwa katika miaka ya 1950 na 1960, nyingi ziliandikwa jina la mume au mwana. Mama aliweza kulima miaka thelathini asiwe na karatasi ya kuonyesha benki. Katiba ya mwaka 2010 yakataza ubaguzi wa namna hiyo katika mambo ya ardhi, na sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 yatambua kazi ya mke, pamoja na kazi ya shamba, kuwa mchango wake katika mali. Mwalimu wa ukulima asiyeligusa jambo hili amwacha mwanafunzi wake nusu ya njia, maana nani atapanda desmodiamu ya kudumu miaka mingi katika kipande ambacho shemeji aweza kukitwaa mwakani?

Atakaye kuanza na asingoje mvua. Tangu mwaka 2013 kazi ya kuwafundisha wakulima iko chini ya kaunti, basi aende kwa ofisa wa kilimo wa wadi yake mwezi wa Januari, kabla ya mvua ndefu za Machi, naye asiende peke yake bali na wenzake. Aulize kama iko shule karibu, au kama ofisa atakubali kufungua moja. Aseme wazi saa gani yawafaa akina mama, baada ya kukamua na kabla ya kwenda mtoni. Ofisa hawezi kuijua saa hiyo asipoambiwa. Waamue siku ile ile ni nani atakayewatunza watoto wakati wa masomo na ni nani atakayeandika daftari. Na katika shamba lake mwenyewe atenge robo moja tu kwa jambo jipya, sehemu iliyobaki apande kama alivyozoea, apate kuzilinganisha wakati wa kuvuna.