Maziwa ya Mgando na Mafuta ya Damu

Kwetu Rwanda maziwa ya mgando, yaani ikivuguto, ni kinywaji cha heshima. Siku hizi maziwa ya namna hiyo huuzwa hata madukani, na watu husema kwamba huondoa mafuta mabaya katika damu. Je, ni kweli? Na tulitazame jambo hili polepole.

Kwanza, maziwa hugandaje? Ndani yake mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi hula sukari ya maziwa, kisha hutoa asidi, nayo ndiyo iletayo uchachu na kuyagandisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu Élie Metchnikoff, wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alifundisha kwamba vijidudu hivyo huweza kurefusha maisha. Mwaka 1935 Wajapani walianza kuuza kinywaji chao kiitwacho Yakult.

Pili, kolesteroli ni nini? Ni kitu cha namna ya mafuta, nacho kina kazi mwilini. Ini hukitumia kutengeneza nyongo, ambayo husaidia kusaga mafuta ya chakula. Lakini kikizidi katika damu hujibandika ndani ya mishipa, njia ya damu ikawa nyembamba, na moyo ukapatwa na maradhi.

Tatu, vijidudu vyaingiaje hapa? Nyongo ikisha kufanya kazi yake tumboni, sehemu kubwa hurudi katika ini itumike tena. Vijidudu vya aina fulani huivunja, hata nyingine ikatoka pamoja na choo. Hapo ini halina budi kutengeneza nyongo mpya, na kwa kazi hiyo huchukua kolesteroli katika damu. Ni kama mtungi uvujao: mwenyewe hurudi kisimani mara nyingi.

Mwaka 1974 Mmarekani George Mann na Anne Spoerry, daktari aliyekuwa akiwafikia wagonjwa wa Kenya kwa ndege, walitangaza jaribio lililofanywa kwa Wamasai. Walikuwa wakipima kitu fulani. Kundi moja lilipewa kitu hicho, la pili halikupewa, lakini wote walikunywa maziwa mengi ya mgando. Kolesteroli ilipungua kwa wote, ingawa walinenepa! Je, sifa ni ya maziwa? Huenda, lakini kwa kuwa wote walikunywa, hapakuwa na kundi la kulinganisha. Majaribio ya baadaye yameonyesha kwamba vinywaji hivi huweza kupunguza kolesteroli, ila kidogo tu, wala si kwa kila aina ya vijidudu.

Jambo hili si la darasani tu. Babu yangu, aliyepewa vidonge vya kolesteroli hospitalini, aliniuliza, "Mjukuu wangu, jirani asema niache vidonge, ninywe mgando. Wewe msomi wasemaje?"

Nikamjibu, "Babu, mgando ni chakula, vidonge ni dawa. Kunywa mgando wako, lakini vidonge usiviache mpaka daktari mwenyewe akuambie."

Mwisho, maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu na maradhi mengine ya ng'ombe. Basi yachemshe kwanza, yaache yapoe hata yawe vuguvugu, ndipo utie kijiko cha mgando mzuri wa jana. Wala usiongeze sukari nyingi, maana hiyo haiusaidii moyo hata kidogo.