Dodoso Limesema Mimi ni Mtu wa Machale

Shangazi, nina miaka 24, nimemaliza diploma ya uhasibu na sasa niko kwenye mafunzo ya vitendo katika ofisi moja hapa Morogoro. Juzi tulijazishwa dodoso la namna mtu anavyofikiri, na alama zangu za kuamini machale zikawa juu sana. Msimamizi akasema mbele ya wenzangu kuwa mtu wa machale hafai kushika hesabu, nihamie mauzo. Nilikuwa najiandaa kwa mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, lakini sasa sina raha, kila jumla naikagua mara tano. Niache uhasibu?
Binti wa Hesabu, Morogoro

Mwanangu, usiache. Huyo msimamizi amekuhukumu kwa nusu ya majibu, na kukusema mbele ya wenzako kumeniuma hata mimi.

Dodoso linalojulikana sana la aina uliyojaza lilitungwa na mwanasaikolojia Seymour Epstein wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, pamoja na wenzake, likachapishwa mwaka 1996. Unasoma sentensi, nyingine zinahusu kupenda kuumiza kichwa kwa jambo gumu, nyingine kuamini unachohisi juu ya watu, kisha unajipa namba kuanzia 1 hadi 5. Mwishoni unapata alama mbili: ya hoja na ya machale. Epstein aligundua kuwa alama hizo karibu hazihusiani kabisa. Mwenye machale mengi anaweza kuwa mpenda hoja vilevile, na wapo ambao zote mbili ziko chini. Sasa, alama yako ya hoja ilikuwa ngapi? Barua yako haisemi, na nadhani hukuambiwa.

Tena namba hizo umejipa mwenyewe. Zinaonyesha unavyojiona, kazi yako hazijaipima. Mwaka 2005 mtafiti Shane Frederick alitoa jaribio fupi la maswali matatu ambalo mtu lazima akokotoe. Swali lake moja, nikibadilisha bidhaa na bei, liko hivi: daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100, na daftari limeizidi kalamu kwa shilingi 1,000. Kalamu ni bei gani? Shilingi 100 inakujia mdomoni hata hujafikiri. Lakini kalamu ikiwa 100, daftari litakuwa 1,100, na jumla 1,200. Kalamu ni shilingi 50. Katika watu zaidi ya 3,000 aliowapima, wengi wao wanafunzi wa vyuo vya Marekani, karibu theluthi hawakupata hata swali moja. Machale huja bila hodi. Muhimu ni kama utasimama kuyahakiki.

Na mhasibu anayahitaji. Stakabadhi tatu za duka moja, tarehe zimepishana kwa wiki kadhaa, namba zake zinafuatana: kitu kinakucheza moyoni kabla hujajua ni nini. Hapo ndipo unafungua leja na kutafuta ushahidi. Asiyehisi chochote angezipitisha.

Kukagua mara tano ni hofu, punguza. Mara mbili kwa utulivu zinatosha. Mwombe msimamizi faraghani, kwa adabu, akuonyeshe alama zote mbili. Akikataa, usibishane naye, maliza mafunzo yako vizuri. Kisha jisajili kwa mitihani ya NBAA kama ulivyokusudia, na matokeo yakitoka uniandikie.