Mbio za Kasi na Ugonjwa wa Sukari

Wenye ugonjwa wa sukari hufundishwa kwamba kazi ya mwili hupunguza sukari katika damu. Neno hilo ni kweli kwa mtu atembeaye au alimaye kwa mwendo wa kadiri. Lakini akimbiaye kwa nguvu zake zote, au anyanyuaye vyuma vizito, huweza kupima damu yake akaona sukari imepanda.

Sababu yake ni hii. Mwili ukitumikishwa ghafula kwa nguvu nyingi, hutoa homoni iitwayo adrenalini. Homoni hiyo hulifanya ini litoe akiba yake ya sukari upesi kuliko misuli iwezavyo kuitumia. Mtu mwenye afya, mbio zikiisha, kongosho lake huongeza insulini, na sukari hurudi kiasi chake. Mgonjwa ambaye kongosho lake halitoi insulini hana msaada huo. Sukari yake huweza kukaa juu kwa saa moja au mbili.

Hatari nyingine huja baadaye. Misuli iliyochoka huvuta sukari kutoka katika damu ili kurudisha akiba yake, na kazi hiyo huweza kuendelea hata saa 24. Basi mgonjwa aliyeharakisha kujidunga insulini nyingi alipoona sukari imepanda, huenda ikamshuka mno usiku akiwa usingizini, hata akapoteza fahamu.

Kwa hiyo yampasa kushika mambo haya:

Kwanza, apime damu kabla ya mazoezi, baada yake, na kabla ya kulala.

Pili, sukari ikizidi miligramu 250 kwa desilita, na mkojo ukaonyesha ketoni, asifanye mazoezi.

Tatu, ikiwa chini ya miligramu 70, ale mara moja gramu 15 za sukari, yaani kama vijiko vinne vidogo, kisha apime tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali upesi.

Nne, asibadilishe kiasi cha insulini ila kwa shauri la daktari.

Ugonjwa huu haumzuii mtu kushindana. Gary Hall Jr., mwogeleaji wa Marekani, aligunduliwa kuwa nao mwaka 1999, naye alipata medali ya dhahabu ya mita 50 katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000, na tena mwaka 2004. Ajuaye mwendo wa sukari yake na afanye mazoezi bila hofu. Akisiaye tu ndiye aliye hatarini.